Nilivyomwomba Radhi Mtani Wangu

Asubuhi ile nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, nakunywa uji wa uwele, mjukuu wangu akanisogezea simu yake na kuuliza, "Babu, niirushe?" Nikamjibu, "Irushe." Sikuuliza itakwenda wapi wala nani ataiona. Sikuinuka kwenda kumwuliza mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kuulizwa, ingawa paa la nyumba yake nilikuwa naliona kutoka pale nilipokaa, ng'ambo ya shamba la alizeti. Nilijibu upesi kwa sababu nilitaka kuonekana na watu. Sababu nyingine nilizitunga baadaye.

Kwenye simu ile nilikuwa mimi, nimesimama ndani ya kaburi la mke wa rafiki yangu, nimejifunga kanga yake kiunoni, nimeshika mwiko wake wa ugali, na ninacheka.

Naeleza, maana najua msomaji ameanza kunihukumu. Wengine nao walinihukumu, na hawakungoja maelezo. Ukoo wetu na ukoo wa rafiki yangu ni watani tangu enzi ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia. Huku kwetu Kinampanda, mtani ni mtu asiyebisha hodi. Anaingia kwako, anafunua chungu, anachukua paja la kuku na kukuachia shingo, nawe huna pa kushitaki. Anakusema mbele ya wakwe zako nawe unacheka, kwa sababu kesho utamsema mbele ya wakwe zake. Na msiba ukifika, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya jeneza. Anakaa humo, anamsema marehemu, anakataa kutoka mpaka apewe kitu, jogoo au jembe, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kazi yake ni kuwapa watu mahali pa kupumulia. Hapewi kazi hiyo mtu asiyempenda marehemu.

Mimi na rafiki yangu tulianza darasa la kwanza pamoja. Mimi nikaendelea hadi kidato cha nne nikawa karani katika posta ndogo; yeye akabaki na jembe na ng'ombe wa baba yake. Miaka yote ya posta nilishika barua za watu wa wilaya nzima na sikufungua hata moja. Nilijua ni bwana gani anaandikiwa na mwanamke asiye mke wake, nikanyamaza. Nilijua ni mzee gani mwanawe hajamwandikia tangu aondoke, na alipokuja kuuliza dirishani nilimwambia barua zimechelewa njiani. Nataja haya ili isije ikadhaniwa sikujua kwamba mambo mengine yana bahasha. Nilijua kuliko wengi.

Mjukuu wangu huyo ni mtu mzima, amesoma uandishi wa habari chuoni, anaishi Singida mjini. Anapenda kujiita mwanahabari wa mtandaoni. Kwa utani wa babu na mjukuu namwita mke wangu, naye huniita mume wangu mzee, mwenye meno ya mkopo. Ana ukurasa wake na chaneli yake, na kila alipokuja kunisalimia alinipiga picha. Alinirekodi nikichonga mzinga wa nyuki, nikila ugali na mlenda, nikieleza habari za barua na stempu. Kisha alikuwa akinisomea maneno ya watu. "Babu, sikiliza huyu wa Mbeya, anasema angetamani uwe babu yake." Huyo wa Mbeya hakujua kwamba mimi nina wajukuu kumi na mmoja na nusu yao siwapendi sana. Lakini nilifurahi. Nilianza kunyoa ndevu nikisikia anakuja. Mara moja nilimwuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama yule wa Mbeya ameandika tena.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na sina haki ya kuucheka kwa wenzangu kabla sijakiri kwamba niliugua mimi. Nikishakiri, nitacheka. Nimewaona watu Misigiri, pale mabasi yanaposimama, kijana amedondoka na pikipiki, damu inamtoka puani, na watu watano wamemzunguka, kila mmoja ameinua simu, hakuna hata mmoja aliyeinama. Nimemwona mwanamke wa hapa kijijini anamwandikia mama yake maneno marefu ya siku ya kuzaliwa, mama kipenzi, malkia wangu, nguzo yangu, na mama mwenyewe ana simu ya tochi, hajui kwamba ametajwa, na siku hiyohiyo alikuwa anabeba kuni peke yake. Nimewaona wanaoombolezea wafu kwa kuweka picha ambayo marehemu amekatwa bega ili mwombolezaji aenee vizuri. Wanaita hiyo kushirikishana. Kushirikishana nilikokujua mimi ni pale unapomegewa tonge, mwenzako akabaki na dogo zaidi. Hawa hawapungukiwi na chochote. Wanatoa cha mwenzao.

Nami nilitoa cha mwenzangu. Nirudi kwenye maziko.

Mke wa rafiki yangu alikuwa mama mkarimu kuliko wote niliowafahamu, kwa hiyo siku ya kumzika ilinibidi nimseme kwa uchoyo. Ndivyo utani unavyokwenda. Ukimsifu mtu kaburini umemtukana. Nilichukua kanga yake na mwiko jikoni kwake, nikaingia kaburini, nikawafukuza wachimbaji.

"Tokeni! Leo hapa hazikwi mtu."

Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na jeneza, kofia magotini. "Mtani," akasema, "toka kwenye nyumba ya mke wangu."

"Nyumba gani? Huyu mama ameninyima mlenda miaka arobaini! Kila nikifika chungu kimefunikwa, moto umezimwa, yeye mwenyewe amejifanya anaumwa jino. Leo mimi namnyima kaburi. Akae nje kama nilivyokaa mimi!"

Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti kutoka nyuma. "Mwongo huyo! Mlenda wa watu ameula mpaka akaota kitambi!"

"Mnamsikia? Hata kwaya imeshahongwa."

Watu wakacheka. Mchungaji alikuwa anangoja na kitabu chake, akainamisha kichwa ili tusimwone. Rafiki yangu akasema, "Mpeni jogoo atoke. Akizeekea humo atadai na sanduku."

"Sitaki jogoo," nikasema. "Nataka mtetea. Na nataka aje anipikie yeye mwenyewe."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Rafiki yangu akainuka, akaja ukingoni, akanishika mkono na kunivuta juu kwa nguvu zake zote za uzee, na tulipokuwa tumesimama uso kwa uso akaniambia polepole, "Toka, mtani. Hata mimi nilitaka aje anipikie." Ndipo tukalia wote wawili, na jeneza likashushwa.

Baadaye, tukinawa mikono, aliniuliza, "Yule mjukuu wako alikuwa anafanya nini na simu?"

"Ni kumbukumbu ya familia tu," nikasema.

"Haya," akasema, akaenda kukaa na wageni wake.

Siwezi kumlaumu mjukuu wangu kwa kila kitu. Alichorusha yeye kilikuwa kizima, tangu mwanzo hadi kile kilio chetu, na juu yake aliandika maelezo mazuri kuhusu utani. Siku ya kwanza watu walimsifu, nami nikanywa sifa hizo kama uji wenye sukari. Siku ya pili wakaja wenye blogu. Hawa ni watu wa ajabu. Hawaendi popote, hawamwulizi mtu yeyote, hawana hata kalamu. Kazi yao ni kuchukua cha mwingine, kukikata, na kukibandika kichwa cha habari kinachopiga kelele. Mmoja alikata video ikaishia pale niliposema akae nje kama nilivyokaa mimi. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MZEE AVAMIA KABURI, AMTUKANA MAREHEMU MBELE YA MUMEWE! Mwingine akaitia muziki wa vichekesho. Mwingine akaitia kinanda cha huzuni. Rafiki yangu hakuonekana akicheka, jogoo hakuonekana, mkono ulionivuta haukuonekana.

Mjukuu wangu alinisomea maoni, na baadaye akaacha kunisomea, nikamnyang'anya simu nikasoma mwenyewe. "Huyu mchawi." "Mzee apimwe akili." "Kaniua mbavu, jamani!" "Singida bado mko porini?" Mmoja aliandika mstari mrefu wa kunilaani hadi kizazi cha nne, na katikati ya laana zile mwingine alikuwa anatangaza dawa ya kuotesha nywele. Watu ambao hawakumjua mama yule, ambao wasingempa hata maji ya kunywa akipita mlangoni kwao, walikuwa wanamtetea dhidi yangu mimi niliyekula kwake tangu alipoolewa. Na kesho yake walikuwa wanamtetea mtu mwingine, au wanamcheka mwingine, kwa hasira ileile na vicheko vilevile. Sijawahi kuona watu wanaojali sana kwa muda mfupi namna hiyo.

Nilikwenda Misigiri kununua betri za redio. Waendesha bodaboda wakanitambua.

"Mzee wa kaburi! Umetoka au bado umo?"

"Bado namngoja mama yako," nikawajibu, na wakapiga honi, na mimi, Mungu anisamehe, nikatembea nimetanua kifua. Lakini mwanamke mmoja anayewauzia abiria vitunguu dirishani alinitazama sana, kisha akaniuliza kwa upole, "Shikamoo babu. Yule mama alikukosea nini?"

Nikamwambia hakunikosea kitu. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu ambaye haamini lakini hataki kugombana na mzee. Nilirudi nyumbani bila betri.

Rafiki yangu hakuwa na habari. Yeye ana simu ya tochi, ya kupiga na kupokea. Aliyempa habari ni binti yake wa kwanza, anayefanya kazi Mtwara. Binti huyo alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki ileile mama yake alipofariki, kwa hiyo hakuweza kusafiri. Hakumwona mama yake akizikwa. Alikuwa bado kitandani anasubiri ndugu zake wampelekee picha za maziko polepole, kwa namna ambayo mtu mgonjwa anaweza kuvumilia. Kabla hawajampelekea, mtu wa kazini kwake aliweka ile klipu kwenye kundi lao la simu, na chini yake wenzake wakaweka vile visura vya kucheka mpaka machozi. Hawakujua ni mama yake. Kaburi la mama yake aliliona kwa mara ya kwanza hivyo, na mimi nimo ndani.

Utani anaujua, amekulia humu. Angekuwepo siku ile angenirushia udongo na kunitukana kuliko wote. Kilichomuumiza ni vile visura.

Rafiki yangu alikuja kwangu siku hiyo saa kumi. Nilimwona akipita kando ya alizeti, anatembea kama mtu aliyeagizwa.

"Karibu, mtani," nikasema. "Umekuja kudai jogoo wako? Nimeshamla, hata mifupa."

Hakukaa. "Mtani, mwanangu amepiga simu. Analia mpaka mtoto hanyonyi. Anasema mama yake yuko kwenye simu za watu wa Mtwara."

Nilianza kueleza. Nikasema yaliyorushwa yalikuwa mazuri, walioharibu ni wengine, wenye blogu, watu wasio na adabu. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Uliniambia ni kumbukumbu ya familia," akasema. "Familia ya nani?"

Nilimsogezea kigoda, akakiacha.

"Mimi nilikuruhusu uingie kaburini, mtani. Sikukuruhusu utoke nalo."

Kisha akatazama zizi langu la mbuzi kwa muda. Nilimjua tangu utotoni. Nikajua anatafuta njia. "Ifute hiyo kitu kwenye simu," akasema. "Yote unayoweza. Halafu wiki ijayo nitakuja kumchukua beberu wako yule mweusi. Na nikimchukua usinitazame, wala usinitolee salamu. Utakaa hapo kwenye kigoda kama mjinga."

Msomaji asiyetoka huku anaweza kudhani alikuwa ananitisha. Alikuwa ananisamehe. Ndivyo watani wanavyosawazisha: aliyeumizwa anakuja, anakuchukulia mnyama umpendaye, anakusema vibaya mbele ya watoto wako, na wewe unanyamaza. Hakuna anayetaja kosa, na watu wanakula nyama wakicheka. Beberu yule nilimpenda sana, naye alijua. Alikuwa amechagua vizuri. Nilichotakiwa kufanya ni kufuta na kukaa kwenye kigoda.

Tulifuta. Lakini kufuta kwetu kulikuwa kama kufagia uwanja upepo ukivuma, maana klipu ilikuwa imeshakaa kwenye blogu za watu tusiowajua. Mjukuu wangu alikuwa anatukanwa yeye naye. Akaja kutoka mjini na mpango.

"Babu, lazima utoe video ya kuomba radhi."

"Kumwomba nani?"

"Familia. Na Watanzania. Kila mtu anafanya hivyo. Ukikaa kimya wanasema una kiburi."

"Mtani wangu anakuja kuchukua mbuzi wiki ijayo. Yameisha."

"Hayo ni ya huku, babu. Mtandaoni hawajui habari za mbuzi."

Ningemwambia kwamba mtandaoni hatuzikani wala hatuchoti maji kisima kimoja. Nililijua jibu hilo. Lakini nilikuwa nimesoma tena yale maoni, na kati ya matusi yote kulikuwa na yule wa Mbeya, ameandika, "Nilimpenda huyu babu, kumbe." Ameishia hapo tu. Neno "kumbe" la mtu nisiyemjua lilininyima raha kuliko kilio cha binti niliyempakata akiwa mchanga. Nasema hivi kwa aibu, na ni kweli.

Basi nikavaa koti. Mjukuu wangu akatundika shuka jeupe ukutani, akanikalisha kwenye kiti cha sebuleni, akaniandikia maneno kwenye karatasi. "Mimi ninaomba radhi kwa familia ya marehemu, na kwa Watanzania wote walioguswa, kwa maneno yasiyofaa niliyoyatamka kaburini." Nikasoma. Akasema sauti haina hisia, turudie. Tukarudia. Akasema mara ya tatu nisitazame karatasi, na kama naweza nishushe pumzi kabla ya neno familia. Nikashusha pumzi. Mzee wa umri wangu, mwenye wajukuu, nikiigiza majuto ambayo nilikuwa nayo ya kweli kifuani, na yale ya kweli nikiyaficha kwa sababu hayakuonekana vizuri kwenye picha.

Ilipokelewa kwa shangwe. "Babu ameonyesha ukomavu." "Viongozi wetu waige." "Nimelia." Yule wa Mbeya alirudi na mioyo mitatu myekundu. Nilihesabiwa haki na watu ambao hawakuwa na chochote cha kunisamehe.

Wiki ikaisha, beberu yuko zizini. Ikaja nyingine. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda kila alasiri, nimejiandaa kuwa mjinga, na hakuna aliyekuja. Mwishowe nikavuka shamba la alizeti mwenyewe.

Nilimkuta uani anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Habari za leo, bwana," akasema.

Nilicheka, nikidhani ndiyo yameanza. "Bwana? Bwana yuko kwa baba yako! Beberu amenenepa, meno yako yatamweza?"

"Karibu kiti, bwana."

Nikakaa. Akamaliza ungo ule, akamwaga, akakaa naye.

"Nimesikia umeniomba radhi," akasema. "Binti yangu alinisikilizisha kwa simu."

"Ndiyo, mtani. Niliona nifanye hivyo ili—"

"Kumbe ulikuwa unamtukana."

"Nani?"

"Mke wangu. Umesema mwenyewe. Maneno yasiyofaa uliyoyatamka kaburini. Mimi siku ile nilicheka. Nilinyoosha mkono nikakuvuta. Nilidhani ni utani." Alikuwa anaongea bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. "Umewahi kuona mtani anaomba radhi?"

Sikuwahi. Tangu nizaliwe sikuwahi. Mtu anayeomba radhi ni mtu aliyekosa, na mtani hawezi kukosa. Akiomba radhi amesema kwamba yale hayakuwa utani. Kila mtoto wa huku anajua. Nilikuwa nimeisoma ile karatasi mara tatu, nimeshusha pumzi panapotakiwa, na sikuona kwamba nasoma talaka.

"Njoo umchukue mbuzi," nikamwambia. "Njoo leo. Nitakusaidia kumfunga."

"Mbuzi wa mtu nitamchukuaje?" akasema. "Huo ni wizi, bwana."

Akamwita mkwe wake, akamwambia aniletee chai. Ikaja kwenye kikombe cha wageni, chenye sahani yake, na kijiko. Katika nyumba ile nilikuwa nimezoea kunywa kwenye kopo nililojichukulia mwenyewe. Nikanywa ile chai. Nikashukuru. Akanisindikiza mpaka mwisho wa uwanja, kama anavyosindikizwa mgeni.

Baada ya hapo nilijaribu mengi. Nilikutana naye njiani nikamtukana kwa sauti, kwamba ni mchoyo, kwamba ng'ombe wake wana njaa mpaka wanakula kamba, akaniambia, "Nawe pia Mungu akubariki." Niliingia kwake bila hodi nikafunua chungu, na wanawake wakaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, hadi mkwe wake akanipakulia kwenye sahani safi. Aliniamkia kila Jumapili kanisani, aliuliza hali ya miguu yangu, alinitumia pole nilipougua. Hakunikosea adabu hata siku moja. Sijui kama kuna binadamu amewahi kuadhibiwa kwa adabu kama mimi.

Nilimwambia mjukuu wangu. Akasikitika kweli, si mtu mbaya. Lakini akasema, "Babu, ile ni zamani sasa. Watu wameshasahau."

"Najua wamesahau, mke wangu," nikamwambia. "Hao walioniomba niombe radhi ndio waliosahau."

Siku hizi ukurasa wake unaonyesha mapishi. Nimekataa kurekodiwa, na yule wa Mbeya hajaulizia.

Rafiki yangu aliugua masika yaliyofuata. Nilikwenda kumwona kila siku ya juma. Nilikuwa na mambo mabaya kabisa ya kumwambia, ya kumchekesha, kuhusu jinsi anavyojifanya mgonjwa ili asipalilie. Niliyatayarisha njiani, na nilipofika nikakaa kwenye kiti nilichowekewa nikamwuliza anaendeleaje. Akanijibu anamshukuru Mungu. Mara ya mwisho aliniangalia muda mrefu, na nadhani alitaka niseme kitu. Sikuthubutu. Niliogopa asije akaniombea baraka.

Alikufa Jumanne. Binti yake wa Mtwara alifika safari hii, amebeba mtoto aliyeanza kutembea. Aliniamkia kwa heshima, magoti yamekunjwa, "Shikamoo baba," na akapita.

Kaburini, wachimbaji walipomaliza walitoka, wakaegemeza majembe, wakanitazama, kama desturi inavyotaka. Watu nao wakageuka. Nilikuwa nimekaa. Nilianza kuinuka, mkono mmoja kwenye goti. Ndipo mdogo wake marehemu akasimama upande wa jeneza na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marehemu alisema yeye hana mtani. Mchungaji, tuendelee." Nikaketi tena. Mchungaji akafungua kitabu. Hakuna aliyecheka tangu mwanzo hadi mwisho, na simu zilikuwa juu pande zote, zinarekodi.

Kusema irushe kulinigharimu hivi: rafiki niliyekaa naye dawati moja darasa la kwanza alikufa akiniita bwana. Na nilipomzika nilikuwa kwenye viti vya wageni, kofia magotini, kimya, kama mtu aliyesikia msiba akiwa safarini.